Soko Lililojaa Khanga

Halmashauri ilipotujengea soko, shangazi yangu aliapa hatalikanyaga. Kwenye mkutano, ofisa aliyetumwa kutoka wilayani alisema hiki ni kitega uchumi, kimejengwa kwa ushuru wetu wenyewe, tujivunie. Shangazi akanigeukia. "Umesikia? Kitega. Mtu anakwambia kwa mdomo wake kwamba ni mtego, na nyie mnapiga makofi!" Kinamama wakacheka mpaka ofisa akasahau alipoishia.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi, sifichi. Kijiji chetu ni cha njiapanda, na sisi wauzaji tulikuwa tunakaa chini kabisa, hatua moja kutoka kwenye lami, pale malori yanayokuja kutoka upande wa Mkiwa yanapomaliza mteremko. Shangazi alikaa pale tangu mimi nikiwa mgongoni kwake, maana ndiye aliyenilea wazazi wangu walipofariki. Aliuza vitunguu alivyofuata kwa ndugu zake Sepuka, mimi niliuza mafuta ya alizeti. Kila lori likipita nilifumba macho, na nikiyafumbua nilimtafuta yeye kwanza. Nilimwambia mara ngapi asogee mbali na lami? Ananijibu, "Mwanangu, kifo hakina barabara." Nilikuwa naudhika mpaka natamani kulia.

Soko lenyewe lilikuwa zuri, haki yao wapewe. Paa la bati la bluu, sakafu ya saruji, kizimba cha kuuzia kwa kila muuzaji, maji ya bomba, na vyoo ambavyo milango yake inafungika. Tatizo ni kwamba walilijenga juu kwenye mwinuko, mbali na barabara, na mabasi yaliendelea kusimama chini kama zamani. Abiria gani atapanda kilima kufuata kitunguu? Mwezi wa kwanza haukuisha, kinamama wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, kama mbuzi walioona zizi lina tundu.

Lakini kizimba kisichokuwa na mtu kinagawiwa mwingine, hiyo ndiyo sheria, na hakuna aliyetaka kupoteza kizimba chake. Wakafanya kile tunachofanya siku zote. Huku kwetu ukitandika nguo mahali, umekaa. Msibani, mkutanoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ukiinuka unaacha nguo yako na hakuna wa kukugusia. Atakayeigusa atatukanwa yeye na babu zake. Basi kila mmoja akatandika khanga kwenye kizimba chake, akaikandamiza kwa mawe, akashuka barabarani. Shangazi naye aligawiwa kizimba, na kwa kuwa hakupanda, khanga yake nilimtandikia mimi. Msimamizi wa soko naye ni mtoto wa hapa hapa. Alipita na daftari, akaona khanga, akasema, "Yupo," akaweka alama. Wala hakuwa anadanganya, ndivyo alivyolelewa. Wilayani ikafika taarifa kwamba soko limejaa.

Mlinzi wa nguo nikawekwa mimi. "Wewe si muoga wa malori?" walinitania. "Kaa huko, tutakuuzia mafuta yako huku chini." Kwa hiyo nikabaki peke yangu juu, mchana kutwa, na khanga za watu.

Upepo wetu wa Singida hauna adabu, kila mtu anajua. Lakini upepo wa barabarani ni vumbi tu. Ule wa sokoni ulipita chini ya bati ukatoa mvumo wa watu wengi wakinong'ona bei. Khanga zilikuwa zimekandamizwa pembeni, kwa hiyo katikati zilituna, zikashuka, zikatuna tena, polepole, zote kwa pamoja, kama vifua vya watu waliolala. Siku moja saa saba mchana, jua kali, nikasikia sauti nyuma yangu kabisa, "Bei gani?" Nikasema, "Karibu mama," ndipo nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mdomo ulikuwa umeshajibu.

Tangu siku hiyo nikawa naziamkia kila asubuhi. Za rika langu niliziambia mambo vipi, na ile ya shangazi nikaipa shikamoo yake. Cheka tu, nami ningecheka kama ningekuwa na mtu wa kucheka naye. Ile ya shangazi ndiyo iliyonitesa. Ilikuwa haituni kama wenzake. Katikati ilikuwa na bonde, kama mtu amekaa. Niliinyoosha kwa mikono miwili, nikaenda bombani kujaza ndoo, niliporudi bonde lilikuwa palepale. Nikasema ni upepo. Lakini niliogopa, jamani. Khanga iliyotandazwa imetulia hivyo tunaijua tumeiona wapi, na wote tunajua ikiwa kando ya barabara inafunika nini.

Kisha msimamizi akaja mbio na habari kwamba kesho yake wageni wa mkoa wanakuja kukiona kitega uchumi. "Nguo sitaki," alisema. "Nataka watu. Kizimba kitakachokuwa hakina mtu, wageni wakiondoka tu nakigawa." Asubuhi kinamama wote wakapanda na bidhaa zao, wanalalamika, wamevaa vizuri. Soko likajaa kweli, kama siku lilipofunguliwa. Shangazi peke yake hakuja. Akanipigia simu.

"Nitandikie tu, mwanangu. Huyo kijana hawezi kunigusa."

"Shangazi, leo sitandiki. Panda."

"Nimesema tandika!"

Nikakata simu. Sikuwahi kumkatia simu katika maisha yangu. Khanga yake ilikuwa tayari imetandikwa, nikaiondoa, nikaikunja, nikaikalia. Wageni walikuwa bado hawajafika msimamizi alipopita, akakuta kizimba kitupu, akampigia mwenyewe. "Shikamoo mama. Kizimba chako kiko wazi, nakigawa." Basi haikupita dakika kumi tukamwona anapanda kilima, anahema, kidole kimetangulia.

"Nani kanivua nguo?" alianza kabla hajafika kwenye geti. Akasimama mbele yangu. "Nimekulea, nimekusomesha, leo unanivua nguo mbele ya watu? Na vitunguu vyangu vipo barabarani, nimemwachia msafiri mimi, mtu simjui, kwa ajili ya upuuzi wako!"

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu. Tairi zikalia chini, mlio mrefu, kisha kishindo ambacho tulikisikia kwa miguu kabla ya masikio.  Bati juu yetu likaacha kuvuma, tukashuka mbio wote.

Lori la alizeti lilikuwa limelala ubavu mahali petu. Mahali pote, kuanzia alipokuwa anakaa muuza karanga mpaka mwisho kwa shangazi, palikuwa lori na mbegu nyeusi zilizomwagika. Dereva alitoka mzima, anauliza watu wako wapi, maana siku zote anapopita anatuona tumejipanga. Watu wako wapi, watu wako wapi. Tulikuwa tumesimama mbele yake wote, wazima.

Mahali petu alikuwepo mmoja tu. Mwanamke wa makamo, mtandio wa njano, alikuwa anasubiri basi la Manyoni. Shangazi alikuwa amemkalisha kwenye kigoda chake, akamwambia, "Niangalizie, mwanangu, akija mteja muuzie, narudi sasa hivi." Mama mmoja akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa bado nimeshika khanga iliyokunjwa. Shangazi akaninyang'anya bila kunitazama, akaenda kumfunika.

Ndugu za marehemu walikuja kumchukua kesho yake. Shangazi alikaa ndani siku nyingi, hagusi chakula. Nilimpelekea uji, nikamwomba msamaha wa kumkatia simu, akaniangalia kana kwamba nazungumza lugha nyingine asiyoijua. Nilifurahi kwamba yupo mzima mbele yangu, na furaha hiyo niliionea aibu.

Baadaye ukaitishwa mkutano palepale sokoni. Diwani alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema wako waliosema halmashauri imezitupa fedha za wananchi kilimani, kwamba soko halina mteja. Leo waseme. Kama si soko hili, tungezika kinamama wangapi? Halmashauri ilitazama mbali. "Namshukuru Mungu," alimaliza, "hakuna mfanyabiashara wetu hata mmoja aliyepotea."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha, maana ilikuwa kweli, na aliyenilea alikuwa amekaa pembeni yangu anapumua. Nani mwingine nimshukuru? Hata kama walijenga kwa bahati mbaya, walijenga.

Shangazi akainuka. Makofi yakapungua, yakaisha.

"Mheshimiwa," alisema, "amepotea mmoja."

Diwani akamwangalia msimamizi. Msimamizi akainama kwenye daftari lake, akapitisha kalamu toka juu mpaka chini. "Mama, wote wapo. Nimehakikisha."

"Alikuwa anauza vitunguu. Nilimwachia biashara mimi mwenyewe. Aliyeachiwa biashara ni nani kama si mfanyabiashara? Mwandikeni."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi, masikini, akafanya lile alilozoea kufanya kila mtu anapotaka kuandikwa. Akafungua ukurasa, akauliza kwa adabu, "Kizimba namba ngapi, mama?"

"Changu," alisema shangazi.