Rambirambi Kwenye Safu ya Mapato

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea neno moja. Katika barua ya kumwita mdaiwa niliandika "mfilisi" mahali pa "muflisi". Afisa Mfilisi Mkuu, bwana mrefu aliyevaa sweta hata jua la Dodoma likiwaka, alinirudishia karatasi na kunieleza taratibu kwamba muflisi ni yule aliyetangazwa na mahakama kuwa hawezi kulipa madeni yake, na mfilisi ni anayekusanya alichobaki nacho ili wagawiwe wanaomdai. "Mfilisi ni mimi," akasema. "Usituchanganye." Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka nao.

Vijana mnaoingia kwenye kazi hii leo mnakuta kompyuta. Sisi tulikuwa na majalada na kamba za kuyafungia, na vumbi la kiangazi lilipenya hadi kwenye droo. Watu wengi hudhani mtu akishafilisiwa mambo yamekwisha: nyumba imeuzwa, ng'ombe wameuzwa, basi. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mpaka mahakama itoe hati ya kumwachilia, kila shilingi inayomfikia hutazamwa. Mahakama humpangia fungu la kukatwa kwenye mshahara, na kila miezi mitatu hujaza fomu ya mabadiliko ya kipato. Fomu ile ilikuwa na safu mbili, mapato ya kawaida na mapato mengine.

Kipato kikipanda, fungu letu lilipanda mwezi uleule, kwa sahihi ya Afisa Mkuu tu. Kikishuka, muflisi alitakiwa kumwomba Msajili wa Mahakama, aambatanishe ushahidi, wanaomdai waitwe, na shauri lingoje zamu yake. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wa kwetu ulikuwa na meno upande mmoja, na mimi ndiye niliyeshika mpini.

Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa jalada la Mwalimu Yona wa Hombolo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo, aliyekopa fedha akanunua zabibu za majirani ili azipeleke mjini. Mvua ilikata barabara, zabibu zikaozea njiani, na mkopo ukabaki. Alipokuja mara ya kwanza nilimsomea masharti kama nilivyofundishwa. Nakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyopenda. "Fedha yoyote inayoingia mkononi mwako, mwalimu, hata ya zawadi, uilete hapa iandikwe." Akaitikia kwa kichwa, akayaandika kwenye kidaftari chake cha maandalio ya somo.

Mwalimu alikuwa na kipato cha pembeni cha kufundisha tuisheni jioni, nacho kilihesabiwa wakati fungu lake lilipopangwa. Kisha shule ikazuia tuisheni. Kipato kikashuka, fungu likabaki palepale. Aliomba lipunguzwe, na ombi lilikaa kwa Msajili miezi saba. Katika miezi hiyo mkewe aliugua figo. Kila alipokuja kuulizia nilimjibu kwamba jalada liko mezani, na kweli lilikuwa mezani. Ombi lilikubaliwa wiki mbili baada ya mkewe kuzikwa.

Alikuja kuchukua barua ya kukubaliwa kwa ombi akiwa na bahasha ya kanisa na daftari la rambirambi. Nilimwamkia, nikampa pole. Akaweka vyote viwili mbele yangu. Baada ya chakula na jeneza kulikuwa kumebaki fedha kidogo, ambazo alitaka kumjengea mkewe kaburi kwa saruji kabla udongo haujatitia kwa mvua. Daftari lilikuwa na majina ya Hombolo nzima: huyu elfu mbili, huyu elfu tano, huyu debe la uwele.

"Mlisema fedha yoyote inayoingia," akasema. "Lakini, mwanangu, haya si mapato. Haya ni madeni. Kila jina hapo, siku akifiwa, natakiwa nimrudishie."

Ningeweza kumwambia afunge daftari aende nyumbani. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, na hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, najivunia kwamba katika ofisi ile hakuna aliyeweza kusema nimepindisha jambo. Nikampeleka kwa Afisa Mkuu.

Afisa Mkuu alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, tena kwa heshima. Alimpa pole ya kweli, nadhani. Kisha akauliza kama kuna jina lolote lenye mkataba. Mwalimu akasema hapana, hakuna anayeandikiana mkataba msibani.

"Basi si madeni kisheria," Afisa Mkuu akasema. "Rambirambi si mali ya marehemu, mwalimu. Ni ya aliyebaki. Na aliyebaki ni muflisi." Akanigeukia. "Andika kwenye mapato mengine."

Nikaandika. Nikazihesabu, nikamkatia risiti. Mwalimu Yona aliikunja risiti, akaiweka ndani ya daftari, akatuaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo. Niliumia, lakini jioni nilikula nikashiba, na hilo nalo naliandika.

Katika miezi iliyofuata niliona jinsi fomu zake zilivyopungua maneno. Kipato hakikubadilika, mapato mengine hakuna. Mtendaji wa kijiji, alipokuja mjini kwa shughuli zake, alinidokeza kwamba mwalimu haonekani tena kwenye misiba. Kwetu mtu asiyekwenda misibani amejitenga na watu, na watu humwacha. Nilimsikiliza, nikafunga jalada. Baadaye nikahamishiwa Singida, na huko nikapata taarifa ya kikazi, mstari mmoja, kwamba jalada limefungwa kwa sababu ya kifo cha muflisi. Hati ya kumwachilia ilikuwa haijatoka.

Niliporudi Dodoma nilirudi kama Afisa Mkuu. Niliagiza rambirambi zisiandikwe kwenye fomu, na maombi ya waliopungukiwa na kipato yapelekwe kwa Msajili ndani ya wiki moja. Vijana wa ofisini walinisifu kwa huruma. Sikuwaambia ni nani aliyenifundisha, wala kwa bei gani.

Sasa nimestaafu, naishi Makole kwa pensheni, na kipato changu nacho kimeshuka, ingawa mimi sijazi fomu. Mwezi wa pili wa kustaafu nilikwenda Hombolo nikiwa na fedha za kujengea kaburi. Nilimkuta binti wa Mwalimu Yona, mama wa watoto watatu, nikamwambia nilimfahamu baba yake zamani kikazi. Akanipeleka makaburini. La mama yake lilikuwa limejengwa kwa saruji, tena vizuri. Majirani walichanga tena mwaka uleule, akaniambia, majina yaleyale.

"Baba ndiye hakuja siku ya kujenga," akasema. "Alikaa ndani. Alisema hana cha kuandikwa."

Kaburi la baba lilikuwa tuta la udongo lenye msalaba wa mti. Nilimpa zile fedha mkononi. Akazipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyomlea, akaniuliza jina langu na ninapokaa, ili siku nikipatwa na msiba nao waje.

Nilimtajia jina, nikamwambia Makole. Kazi niliyokuwa nikifanya hakuiuliza, nami sikumwambia.