Mada ya Nne

Mhadhiri wetu wa somo la mitandao ya kompyuta alituambia tuunde makundi wenyewe. Mimi, mwalimu wa sekondari kutoka Iringa niliyekuja Mbeya kusoma stashahada nikiwa na miaka arobaini na moja, nilibaki na waliobaki: binti wa Mafinga asiyesema mpaka aulizwe, na kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, aliyesoma huku anauza. Wakaniita Mama, wakanifanya mwenyekiti. Sikuwa na nguvu ya kukataa.

Tulipewa wiki mbili kupanga utafiti: mada, namna ya kupima, nani afanye nini. Ijumaa mwenye duka yuko msikitini, Jumapili mimi na binti tuko kanisani, siku zilizobaki mimi nimechoka tu. Nilikuwa natoka darasani miguu imevimba, nafika chumba nilichopanga mtaa wa Soweto, nakoroga uji na kuunywa nimesimama.

Mada ya kwanza, usalama wa mitandao Tanzania nzima, ilirudishwa. Ya pili, intaneti vijijini, ikarudishwa. Ya tatu mhadhiri hakuimaliza. Alivua miwani akauliza, "Huo mtandao mnaotaka kuuchunguza, nani kati yenu ameshawahi hata kuugusa?"

Tukatoka. Nje manyunyu, na ile baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nikakaa kwenye ngazi za jengo.

"Naomba mnitoe uenyekiti," nikasema. "Nimechoka kweli, wanangu."

Binti akamgeukia mwenye duka. "Kaka, juzi nimekuja kwako kununua soketi. Mteja kauliza mabati, ukaiacha kompyuta ukakimbia stoo kuangalia kama yapo. Kwa nini?"

"Si zile mashine mbili, ya dukani na ya stoo, hazisikilizani. Mvua ikianza tu, ya stoo inapotea. Nishazoea."

"Umezoea!" nikasema, nikacheka mpaka nikakohoa.

Kesho yake tulikwenda dukani. Waya uliounganisha kompyuta hizo ulipita nje, juu ya bati, ukaingia stoo kupitia dirishani, umefungwa kwa kamba ya katani. Binti alipanda ngazi, akaufuata kwa mkono hadi mahali ulipoungwa na kuzungushiwa selotepu.

"Hapa," akasema.

Tukakaa juu ya mifuko ya saruji tukaandika: tutapima mawasiliano siku kumi, za jua na za mvua, tubadilishe waya, tupime tena. Ukurasa mmoja na nusu.

Mhadhiri aliusoma wote, akasaini. Hakusifia. Mwenye duka akashangilia koridoni. Mimi nilitafuta benchi. Binti akaja akakaa karibu yangu, akalitoa daftari mkononi mwangu taratibu.

"Mama, ripoti nitaandika mimi. Wewe utasoma tu, unisahihishe."

Nikamwachia na kalamu.