Fufu Kwenye Bakuli la Rameni

Mama alikuja kututembelea Columbus akitokea Buffalo, kwa gari la kaka yangu, na binti yangu akaamua kwamba chakula cha mchana tutamlisha kwa Wajapani. Binti huyu anapenda rameni, zile tambi zao za supu ya mifupa ya nguruwe, kuliko chochote ninachopika mimi.

Tulipoingia tu, wapishi wote wakapaza sauti kwa pamoja. Mama akanishika mkono.

"Wanatugombeza juu ya nini?"

"Wanatukaribisha, mama."

"Ah bon!" Akawapungia mkono. "Aksanti, baba! Aksanti sana!"

Supu ilikuja nyeupe kama maziwa. Nikamweleza kwamba mifupa huchemshwa kutwa nzima mpaka uboho wote utoke. Akaonja, akaonja tena.

"Donc, kumbe wanajua kupika mifupa," akasema.

Tambi ndizo zilizomsumbua. Zilimponyoka kwenye vijiti hadi mjukuu wake akamwambia azivute tu kwa mdomo, kelele si kosa hapa. Mama, aliyenichapa kofi kila nilipokunywa chai kwa sauti, akazivuta mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka.

Tambi zikaisha, supu ikabaki.

"Supu kama hii inaomba fufu."

Akafungua mkoba, akatoa bonge la fufu lililofungwa kwenye plastiki, mabaki ya chakula cha safari. Binti yangu akajificha nyuma ya menyu, akimsihi kwa Kiingereza alirudishe. Tonge lilikuwa limeshazama kwenye bakuli.

Mara mwenye mkahawa, mama wa makamo aliyevaa aproni, akatoka jikoni akija moja kwa moja kwetu. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Yeye akauliza tu kile ni nini. Kabla sijamaliza kumweleza habari za unga wa muhogo, mama alikuwa ameshamega kipande, akakifinyanga, akakitia shimo kwa kidole gumba na kumpa. Yule mama akachovya, akala, akafumba macho. Akarudi jikoni, kisha akaja na bakuli jingine la supu ya moto, akavuta kiti, akaketi.

Wakala wawili hao, kila mmoja akiongea lugha yake na kucheka. Binti yangu akaanza kuwapiga picha.

Garini, kabla hatujafika mtaani kwetu Hilliard, mama alikuwa ameshampigia simu dada yangu aliyeko Louisville.

"Ukuje," alimwambia. "Nimepata rafiki huku."