Wavu Chini ya Ndagala

Amefariki, wasomaji wangu, yule binti wa Minago aliyekwenda Ulaya kusomea kemia. Figo zimemuua kabla kichwa hakijaota mvi, na wamemzika hukohuko kwenye baridi. Nimeandika tanzia nyingi hapa, lakini hii imeniuma hasa, maana mara ya mwisho aliondoka kwao bila kuagwa na mama yake, na mimi nilikuwapo.

Kazi yake ilikuwa kutazama ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwa hadubini. Siku hiyo, uani kwa mama yake, alinieleza: kipande cha samaki hutiwa rangi inayong'aa, kisha humulikwa kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Nyama huunyonya kwa namna yake, mafuta kwa yake, plastiki kwa yake. Kilichounyonya hupata joto, na rangi iliyokishika hufifia kidogo. Kwa kufifia huko hujulikana ni kitu gani, hata kikiwa kidogo kuliko vumbi. Nikamtania kwamba kwetu hata mtu mzima hajulikani ni kitu gani. Akacheka, lakini hakucheka sana. Katika ndagala wakavu wa mama yake alikuwa ameona nyuzi za nailoni. Wabichi hawakuwa nazo. Zilitoka kwenye wavu mkuukuu wa marehemu baba yake, ambao mama alianikia samaki na ambao jua lilikuwa limeulegeza. Akamsihi autoe.

"Mutoto wangu, mimi sioni kitu," mama akasema. "Huu wavu wa baba yako njo ulikusomesha. Leo unaniambia iko sumu?"

"Sikusema sumu, mama. Nasema tu uutoe."

"Toka kwanza wewe!"

Akatoka, akapanda basi la Bujumbura. Mama hakuinuka hata kwenye kigoda. Tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo nani alitufundisha kulisikia? Tunawapeleka watoto shule wakaone tusiyoyaona, na wakiyaona tunawakasirikia.

Juzi nilikwenda kumpa mama yake pole. Ndagala walikuwa wameanikwa juu ya waya, na wavu umekunjwa kando ya mlango. Akanishika mkono.

"Ile mashini yake, wenzake wanaweza kutazama hizi mpya? Nataka ajue nilitoa."

Wewe mwenye mtoto aliyeona kitu, msikilize angali anaweza kukusikia ukimwambia umekubali.