Fundi bomba wa Tumati aliyelisahihisha gazeti

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya Tumati, wilayani Mbulu, na baridi ya Julai inauma masikio. Verediana Tluway amepiga magoti mtaroni, mkono wake wa kulia umezama kwenye tope hadi kiwikoni. Anapapasa huku ameinua uso, kama mtu anayesikiliza jambo kwa mbali.

"Hapa," anasema. "Ufa wenyewe hauzidi urefu wa kidole. Ndiyo maana shuleni maji yanadondoka tone tone tangu juzi."

Anautoa mkono, anaufuta kwenye kanga aliyoifunga juu ya suruali, kisha anapaza sauti kuelekea mlimani.

"Baba Irene, funga!"

"Nimeshafunga," inajibu sauti ya mwanaume kutoka juu. "Nilijua utaniambia."

Huyo ni mumewe, Ignasi Bura. Kazi yake ni kukaa kwenye valvu, koki kuu ya bomba, na kuifunga au kuifungua mkewe anapomwita. Wamefanya hivyo miaka tisa sasa, tangu mwaka 2000, na wanaelewana kwa maneno machache.

Verediana, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ndiye fundi wa mradi wa maji wa kijiji: kilomita kumi na nne za bomba na vituo thelathini na kimoja vya kuchotea. Kamati ya maji humlipa shilingi 25,000 kwa mwezi, na shamba la vitunguu saumu linajaza palipobaki. Lakini wengi wanaomfahamu nje ya kijiji hawajui kwamba ni fundi. Wanamjua kwa maandishi yake, yanayosomwa redioni kila Jumamosi.

Kuandika kwenyewe alianza kwa hasira.

Mradi ulipojengwa, Verediana alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro. Baadaye serikali ilipoacha kuihudumia miradi na kuvikabidhi vijiji, fundi aliyeletwa kutoka Arusha alifunga virago. Bomba la kwanza lilipopasuka hakuna aliyejua limepita wapi chini ya ardhi. Verediana alijua. Alikuwa amechimba mtaro ule kwa jembe lake.

"Nilianza kwa kuwaonyesha tu," anasema. "Wanaume watatu walichimba pale niliponyoosha kidole. Mwaka wa pili nikaona ninachelewa kuwasubiri, nikashika jembe na spana mwenyewe."

Mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga na wageni wakifika kila wiki kuutazama, gari moja lilisimama kando ya barabara. Verediana alikuwa ndiyo kwanza anafika na bomba la plastiki lililoviringwa, amelibeba kichwani. Hatua kumi kutoka kwake, Ignasi alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa valvu, blanketi magotini. Miezi miwili kabla alianguka kutoka kwenye paa la jirani, na chini ya blanketi lile mguu wake ulikuwa umefungwa plasta.

Kijana mwenye kamera alishuka, akasalimia vizuri, akapiga picha, akaondoka.

"Alisema shikamoo," anakumbuka Ignasi. "Mtu akikuamkia hivyo, unadhani mmeelewana."

Baada ya wiki tatu mwalimu wa shule ya msingi, Yonas, alirudi kutoka Mbulu mjini na gazeti. Picha ilikuwa kubwa. Chini yake paliandikwa: "Mzigo wa mama wa kijijini. Mwanamke wa Manyara akihangaika huku mumewe akiota jua."

Majina hayakuwekwa, ila Tumati nzima iliwatambua. Kufikia Jumapili Ignasi alikuwa amepewa jina kilabuni: Mwota Jua. Aliacha kwenda kilabuni, halafu akaacha kwenda kanisani. Mama yake mzazi alikuja kukaa jikoni kwa Verediana mchana mzima akikataa hata chai, na hilo lilimuumiza mkwe wake kuliko matusi.

Pigo kubwa lilitoka kwenye kamati ya maji. Mwenyekiti wake, Mzee Akonaay, alimwita Verediana na kumweleza kwa upole kwamba kijiji kimeaibika.

"Kimeaibika kwa lipi, mzee?" aliuliza Verediana.

"Wanasema tunawatesa wanawake, mwanangu. Tutafute mwanaume ashike kazi hii, wewe upumzike. Ni kwa faida yako."

Verediana anaeleza kwamba alitembea hadi nyumbani akilirudia neno lile, upumzike. Gazeti lilikuwa limemhurumia, na huruma ile ilikuwa inamnyang'anya spana mkononi.

Alichukua daftari la hesabu la binti yake Irene, akararua karatasi ya katikati, akakaa kumwandikia mhariri. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na hakuwa ameandika chochote kirefu tangu amalize shule.

Karatasi ile anayo mpaka leo. Sentensi ya kwanza inasema, "Mimi ni mke wa Ignasi Bura." Imekatwa. Ya pili inasema, "Mimi ni mama wa Irene." Nayo imekatwa. Chini yake, kwa herufi zilizokandamizwa hadi zikatoboa karatasi, kuna ya tatu: "Mimi ni fundi bomba."

"Zile mbili si uongo," anasema. "Sikuzikata kwa kuzikataa. Lakini nilipoandika ile ya tatu, barua iliyobaki ilitoka yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, hata mimi mwenyewe. Watu walikuwa wanasema, mwite yule mama wa bomba."

Barua iliendelea. Ilisema bomba lile lilikuwa na uzito gani na lilikuwa linakwenda wapi. Ilisema kwamba yule aliyedhaniwa anaota jua alikuwa kazini na mguu uliovunjika, kwa sababu bila yeye kufunga valvu, mkewe angefanya kazi ndani ya maji.

Hakupata jibu. Aliandika tena. Mara ya tatu barua ilichapishwa, imefupishwa kuwa mistari sita. Juu yake mhariri aliweka kichwa cha habari: "Mama alia na mzigo wa ndoa."

Ignasi aliisoma, akaiweka mezani, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

"Nilimwambia, mke wangu, hawa watu hawataki kukusikia. Isome hapa hapa kijijini. Sisi tunakujua."

Akafanya hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika kwenye ajenda ya kumbadilisha fundi, Verediana aliomba nafasi, akasimama, akaisoma barua yake yote jinsi alivyoiandika. Ilichukua dakika kumi. Kina mama wa nyuma walisogea mbele. Alipofika kwenye mguu wa Ignasi, wanaume waliokuwa wakimwita Mwota Jua walitazama chini.

Mzee Akonaay aliuliza kama kuna mtu mwingine anayejua bomba linapita wapi kwenye korongo la pili. Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi tuendelee na ajenda inayofuata," alisema.

Tangu siku ile Verediana hakuiacha kalamu. Aliandika kuhusu vyura walioziba chujio, kuhusu bibi harusi aliyechelewa kanisani akisubiri ndoo yake ijae, kuhusu mumewe anavyoimba akikaa peke yake kwenye valvu. Mwalimu Yonas alimpa madaftari na kumsahihishia nukta.

Miaka miwili iliyopita, redio ya jamii ilipoanza kusikika huko, alituma kurasa nne kwa basi. Mtayarishaji wa vipindi, Sylvester, alimpigia simu. Alizipenda, lakini alimwomba aandike juu ya mateso ya mwanamke wa kijijini.

"Nilimwambia, mwanangu, mateso ninayo, siku moja nitakuletea. Leo nimekuletea vyura."

Vyura wakasomwa. Simu zilipigwa kituoni kutoka Masakta hadi Gendabi, wilayani Hanang.

Simu moja haikuwa ya kusifu. Mwaka jana Verediana aliandika kwamba wanawake wa wafugaji, huko mbugani, hukaa kimya mbele ya waume zao. Hakuwahi kuishi nao. Alikuwa amesikia tu, kama watu wengi wa milimani.

Wiki iliyofuata mama mmoja mfugaji, Helena Gidahosh wa Gendabi, alipanda lori la ng'ombe la mnadani, akashuka kwenye kituo cha redio na kuomba kuzungumza na mwandishi. Sylvester akampigia Verediana, akampa mama yule simu.

"Wewe ndiye uliyesema sisi hatusemi?" aliuliza Helena. "Nimekuja kusema."

Alisema kwa dakika arobaini. Verediana alisikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo, uso ukimwaka kwa aibu.

"Nilikuwa nimemfanyia yeye kile nilichofanyiwa mimi," anasema, akilikaza bomba jipya. "Nilipiga picha nikaondoka."

Jumamosi iliyofuata aliomba radhi redioni. Tangu hapo wawili hao hupigiana simu, na wameshatembeleana mara mbili. Helena hakwenda shule, lakini sasa anajua herufi zote na anaweza kuandika majina ya ng'ombe wake.

Mitaro ikikauka mwezi ujao, Verediana anakwenda Gendabi kwa wiki nzima. Wanawake wanane wanamsubiri kuanza darasa la kuandika chini ya paa la kanisa. Kazi ya bomba atamwachia Irene, mwenye miaka kumi na tisa, na valvu itabaki kwa mwenyewe, Ignasi.

Anapoulizwa Helena ataandika nini kwanza, fundi anatikisa kichwa na kukusanya vyombo vyake.

"Sijui, wala sitamwambia aandike nini. Ameniagiza kitu kimoja tu: nilete kalamu mbili, kwa sababu ya kwanza itaisha wino kabla hajamaliza."