Krismasi ya Mektrida na Konokono Wake

Kila Desemba Wachagga hupanda mlimani kwao kula Krismasi na ukoo, na asiyepanda huulizwa kama amelaaniwa. Mektrida hapandi. Huu ni mwaka wa kumi na moja, asubuhi ya Krismasi yuko kwenye maabara ya utafiti Moshi mjini, amevaa glavu, anabadilisha maji ya konokono na kuwawekea majani ya saladi.

Ndani ya konokono hao ndimo vinamokulia vimelea vya kichocho. Dawa iliyopo huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga hubaki mwilini ikakua. Ndiyo maana watoto wa Mabogini, wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga, humeza vidonge na baada ya miezi michache wanakojoa damu tena. Maabara inajaribu dawa mpya ya kuua hata hiyo michanga. Konokono wakifa, majaribio yote yanasimama.

Safari hii kaka yake, Rogath, alimpigia simu kutoka nyumbani kwao mlimani, Kibosho, mbuzi ameshachinjwa.

"Ukoo mzima uko hapa! Kweli unatuacha sisi, unakaa na konokono?"

"Kaka, ng'ombe wa mama amekula leo?"

"Amekula. Nimemkatia majani mwenyewe alfajiri."

"Siku ya Krismasi?"

"Sasa ng'ombe wa zizini atajilisha mwenyewe?" alifoka Rogath.

"Basi na mimi niko zizini," alisema Mektrida. "Na fungu langu la nyama asiliguse mtu!"