Usiseme Hajambo

Mpaka leo nikiona bahasha ya kahawia imelala chini ya mlango, nachoka kabla sijainama kuiokota. Mwaka ule nilipoomba msaada wa masomo zilikuja nyingi hata mama akazitafutia boksi la viatu, akaliweka juu ya friji. Nyingine zilikuja kutuarifu kwamba tutaletewa nyingine.

Mimi ni kiziwi. Nilipata homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka sita, Unguja, na nilipopona nilikuwa nimebakiwa na mitetemo tu: mlango unaobamizwa, lori linalopita. Tulikuja London nikiwa na miaka kumi, mimi na mama peke yetu, tukapanga Ilford, juu ya duka la vitambaa. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kiswahili nilikisoma mdomoni mwake, na ulikuwa mdomo mzuri, mpana, usio na haraka. Kiingereza nacho nilikisoma midomoni mwa watu, lakini kwa taabu, maana wengi kule husema kama mtu anayeficha jino bovu.

Nilikuwa nimepata nafasi chuoni kusomea ufamasia. Kitu nilichokihitaji kilikuwa kimoja: mtu wa kukaa karibu nami darasani na kuniandikia anayosema mwalimu. Mtu anayesikia anaweza kuandika huku anasikiliza. Mimi nikiinama kuandika, mwalimu ananipotea, na nikimkodolea macho mwalimu, daftari linabaki jeupe. Mwaka wa maandalizi nilijaribu bila mtu huyo, nikaanguka, nikarudia, nikapita kwa kukesha na vitabu mpaka nikakonda. Nilijua sitaweza kurudia mchezo ule kwa miaka minne. Ofisi ya misaada ya wanafunzi ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumlipa mtu wangu. Wakikataa, chuo basi.

Fomu tuliijaza kwenye meza ya jikoni. Palikuwa na sehemu wanataka ueleze hali yako inakuathiri vipi, wakaacha ukurasa mzima mtupu. Niliandika kwamba siwezi kusikia mtu aliye nyuma yangu, kwamba watu wawili wakisema pamoja sipati hata mmoja, kwamba jioni macho huwa yananiuma kwa kutazama midomo kutwa nzima. Mama akataka nimwambie nimeandika nini. Nikamwambia.

"Wajianika hivyo kwa watu baki?" akasema. "Futa. Andika unasikia kidogo."

"Lakini sisikii kidogo, mama."

"Unasikia. Juzi mlango ulipojifunga uligeuka."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo nilishajaza kurasa ishirini. Nikafuta, nikaandika nasikia kidogo.

Simlaumu sana, kwa sababu najua ametoka wapi. Kila Ijumaa shangazi yangu alipiga simu kutoka nyumbani, nami nilikaa namtazama mama akizungumza. Upande wa shangazi nilikuwa naukisia tu. "Hajambo," mama anasema, "hajambo, alhamdulillah." Huyo asiye na jambo ni mimi. Nilikuwa sijambo wiki niliyolazwa kwa nimonia. Nilikuwa sijambo siku zile nilizoanguka mtihani na kujifungia chumbani. Ndivyo tulivyofundishwa wote: mtu akikuuliza hali, unaanza na uzima, halafu ukipenda, baada ya kuzunguka sana, ndipo unasema ila kuna homa kidogo. Na anayeuliza anajua kuisubiri hiyo "ila". Kwetu hakuna anayedanganyika.

Baada ya fomu tukaitwa kwenye tathmini. Mama alivaa baibui lake la harusini, akakaanga visheti, akavipanga kwenye kopo zuri kwa ajili ya mtathmini. Mtathmini alikuwa mwanamke mwenye macho ya huruma. Alivikataa visheti kwa upole, haruhusiwi, na mama akanong'ona kwamba hiyo si dalili njema. Kisha mwanamke akafungua kompyuta yake na tangu hapo uso wake ukawa wa kompyuta. Aliuliza huku anaandika, kidevu chini, nami niliona nusu ya mdomo.

Nikafanya kile ambacho kila kiziwi aliyechoka hukifanya. Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kama watu wanaosikia wanalijua itikio hilo. Mtu amekwambia kitu, umemwomba arudie, amerudia, hujakipata, na ukimwomba mara ya tatu utauona ule uso. Basi unatikisa kichwa na kutabasamu, na dunia inaendelea. Siku ile nilitikisa kichwa kwa nusu saa. Mama akaulizwa na yeye, na kwa Kiingereza chake cha kazini akajibu kwamba mtoto hajambo, anashukuru Mungu, hana matatizo. Alisema vizuri, kifua mbele. Tulipotoka alikuwa na furaha. Alidhani tumekwenda kwenye usaili wa kazi na tumeupita.

Barua iliyokuja ilisema kwamba mwombaji anafuata mazungumzo bila shida na kwamba mzazi hakueleza ugumu wowote. Mtu wa kuniandikia wamemkataa. Ila kwa kuwa kwingine kwenye fomu nimetaja kwamba darasani napitwa na mengi, wamenikubalia kinasa sauti, nirekodi mihadhara nikaisikilize nyumbani kwa nafasi yangu.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama akadhani tumepata.

Nilipomweleza, alikaa kitako akaivua mitandio yake pole pole, mmoja baada ya mwingine, kama aliyerudi msibani. "Lakini nilikusifu," akasema. "Nilikusifu kwao."

Chuoni kulikuwa na mshauri wa wanafunzi, mzee wa Kihindi mwenye asili ya Nakuru, anayeishi Harrow. Alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote, hivyo kwangu alikuwa sawa na ukuta. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Nilipoingia tu akavuta karatasi na kalamu. Aliisoma barua yangu mara mbili, akaandika kwa Kiingereza: Nani aliyewaambia unafuata bila shida?

Nikaandika: Mimi.

Akanitazama, akashusha pumzi niliyoiona kwenye mabega. Kisha akaandika kwa muda mrefu. Ofisi ile haijui kusubiri, aliandika. Ukiwaambia uko salama wanaandika salama na wanafunga faili. Wewe unatakiwa uwape siku yako mbaya kuliko zote, na uwape kwanza, kabla ya salamu. Rufaa unayo, lakini ni moja. Safari hii ukipotewa na swali, sema umepotewa, hata mara kumi. Halafu chini kabisa, kwa Kiswahili chake cha utotoni na herufi kubwa kubwa, akaandika mstari kwa ajili ya mama: MAMA, USISEME HAJAMBO.

Niliipeleka karatasi nyumbani. Mama aliusoma mstari ule akakunja uso.

"Mimi ndiye wa kufundishwa namna ya kumsemea mwanangu?"

"Hakukufundisha, mama. Anatusaidia."

"Anataka nikae mbele ya mtu nisiyemjua nimseme mtoto wangu kama mzigo. Unataka hivyo na wewe?"

Nilikuwa nimechoka na fomu, nimechoka na midomo, nimechoka na yeye pia, na hilo la mwisho nalisema kwa aibu. Siku mbili hatukusemeshana isipokuwa ya chumvi na ufunguo. Siku ya tatu nilimwona anabadilisha shifti yake ili siku ya rufaa awe na nafasi.

Safari hii alivaa nguo za kazini. Visheti hakukaanga.

Mtathmini alikuwa mwanamume wa makamo, na mezani alikuwa ameweka simu yenye spika, kwa sababu mama aliomba mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani mwenyewe alikuwa mbali huko, sauti tu. Mama alikaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, simu katikati yetu, na yule bwana kichwani mwa meza.

Nilianza mimi. Alipouliza swali la kwanza nikasema sijaelewa. Akarudia, nikasema sijaelewa. Nilihesabu mara saba. Hakuna aliyenitukana, lakini kila mara nilihisi kama mtu anayevuliwa shati mbele za watu. Nikamweleza yote niliyoyafuta kwenye fomu. Nilipomaliza mgongo ulikuwa umelowa jasho.

Kisha akamgeukia mama, akamuuliza maisha ya nyumbani na mimi yakoje.

"Hajambo," mama akasema. Niliiona inatoka. Akaufumba mdomo.

Mama alikuwa na kawaida, akitaka kusema jambo nisilolijua, anageuza uso upande. Aligeuka. Lakini yule bwana akamwonyesha simu kwa mkono, kwamba mkalimani hakusikii, iinamie. Mama akaiinamia simu, na kwa kuiinamia simu akawa ananitazama mimi.

"Mwanangu hasikii," akasema. "Hasikii kabisa."

Maneno hayo sikuwahi kuyaona mdomoni mwake. Miaka kumi na mitatu alikuwa anasema masikio yangu mazito, au sisikii vizuri, au bado napata nafuu.

"Mwaka juzi niliteleza bafuni," akaendelea. "Mlango nimeutia komeo. Mkono ukavunjika hapa, na nyonga ikakataa, siwezi kuinuka. Nikamwita. Nikamwita mpaka sauti ikakauka. Naona vivuli vya miguu yake chini ya mlango, anapita kwenda jikoni. Akapita tena kurudi. Naye ni mtoto mwema, angesikia angeuvunja ule mlango. Nikatambaa mwenyewe mpaka nikalifikia komeo. Hakujua. Nilimwambia nimeanguka kwenye ngazi za basi."

Akajiinua kwenye simu. Simu ikawa inazungumza sasa. Nilijua kwa sababu yule bwana aliitegea sikio na kalamu yake ikaanza kutembea. Mimi nilikwisha kupata yote. Katika chumba kile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuelewa, na ningetoa chochote nisielewe.

Niliikumbuka siku ile. Nilikuwa nimepika chai, ya kwake nikaifunika na kisahani. Nilitaka kuoga, na nilipita mlangoni nikaona taa ya bafu bado inawaka, nikaudhika kwamba amekaa mno. Alipotoka alikuwa ameshika mkono na uso umemkauka. Nilimwambia, "Leo umehamia humo?" Nikampita nikaingia kuoga. Kesho yake aliporudi na plasta ngumu akaniambia habari ya basi, nikamwambia awe anashika nguzo.

Yule bwana alimaliza kuandika. Akanigeukia, akasema taratibu, mdomo wazi, kama mtu aliyefundishwa: umefuata aliyoyasema mama yako?

Nikaitikia kwa kichwa. Mama akainamisha uso wake.

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya wiki chache, nami nilipata mtu wangu wa kuniandikia, msichana mwenye mwandiko wa duara ambaye hata vichekesho vya walimu aliviandika, nikawa nacheka na wenzangu nikiwa nimechelewa kidogo tu. Nilimaliza miaka yote minne. Lakini barua hiyo siikumbuki sana kama ninavyoikumbuka jioni ya siku ya rufaa.

Tulirudi kwa basi. Nilitaka kumwomba radhi, na sikujua namna ya kuomba radhi kwa kutosikia. Nilikuwa na hasira naye pia, kwa miaka miwili ya uongo, na hasira ile haikupata pa kukaa. Ilikuwa Ijumaa. Shangazi akapiga simu, mama akaipokea amesimama, na nikauona mdomo wake unasema, "Hajambo, alhamdulillah." Hapakuwa na "ila".

Alipoingia kuoga nilichukua kiti changu cha kusomea nikakiweka ukumbini, kikitazama mlango wa bafu. Taa ya ukumbini ilikuwa imeungua siku nyingi. Nilifungua kitabu, nikawa natazama ule mstari wa mwanga chini ya mlango.

Alitoka amejifunga kanga, akanikuta.

"Wafanya nini hapo?"

"Nasoma."

"Kizani?"

"Naona."

Alisimama kidogo, maji yanamchuruzika kwenye sikio. Akanipita akaenda kulala.

Kesho yake alipoingia tena kuoga nilikiweka kiti pale pale. Nikangoja kidogo, kisha nikausukuma mlango kwa kidole kimoja, taratibu, nione. Ulisogea. Hakuwa ametia komeo.